Mwongozo wa Kuandaa Tanzia ya Kigiriki Jukwaani

Mwongozo huu ni kwa waongozaji, waigizaji na wasimamizi wa jukwaa waliokabidhiwa tanzia ya Kigiriki. Mfano utakaotumika ni Mfalme Oedipus ya Sophocles.

Korasi

Mazoezi yaanze na korasi, si na mfalme. Hapa ndipo maonyesho mengi huharibika: kundi huitwa wiki ya mwisho, likapangwa pembeni kukariri mistari kwa sauti moja kama darasa la kwanza. Athens ya karne ya 5 KK ilifanya kinyume. Mshairi aliyetaka kushindana katika tamasha la Dionysus aliomba apewe korasi, na dola ikamteua tajiri wa kugharimia mafunzo na maleba yake. Sophocles alitumia watu 15. Waliimba na kucheza kwa kufuata zumari pacha, katika uwanja ulio mbele ya jukwaa.

Asiye na watu 15 atumie watano au sita, lakini asifute nyimbo zao. Korasi ya Mfalme Oedipus ni wazee wa Thebes. Ikishaingia haiondoki, na yote husemwa wakiwapo. Hata kabla hawajaingia, Creon, shemeji wa Oedipus, anaporudi kutoka Delphi na jibu la Apollo, huuliza kama alitoe faraghani. Oedipus humwamuru aseme palepale, mbele ya raia waliokusanyika. Mwongozaji akiyageuza haya kuwa mazungumzo ya sebuleni, atakuwa ameandaa tamthilia nyingine.

Waigizaji na barakoa

Waigizaji wenye kusema walikuwa watatu, wote wanaume, wakigawana nafasi zote kwa kubadili barakoa na mavazi. Utaratibu huu una faida hata leo, na si ya kubana bajeti tu. Anayeigiza Jocasta, mke wa Oedipus, anaweza kurudi akiwa mjumbe anayetangaza kifo cha Jocasta huyohuyo. Anayevaa barakoa afundishwe kugeuza kichwa chote, kwa kuwa macho peke yake hayaonekani.

Mauti nyuma ya mlango

Kwa kawaida mauaji hayaonyeshwi. Mjumbe hutoka akayasimulia. Katika tamthilia hii anaeleza jinsi Oedipus alivyochomoa bizimu za dhahabu kwenye vazi la mkewe aliyejinyonga, akajitoboa macho. Mwigizaji hodari apewe nafasi hiyo, hata kama ni ya dakika chache. Mwongozaji asiyejiamini huongeza taa nyekundu na mayowe ya nyuma ya pazia. Viondolewe vyote viwili, maana hadhira haiwezi kuziona bizimu huku ikibabaishwa na kelele.

Kanuni zisizokuwepo

Kuna wanaodai kwamba Aristotle aliamuru kila tanzia ikae mahali pamoja. Alichosisitiza ni umoja wa tendo. Sharti la mahali lilitungwa na wahakiki wa Ulaya karne nyingi baadaye. Eumenides ya Aeschylus, iliyochezwa mwaka 458 KK, huanzia Delphi ikahamia Athens.

Mapumziko

Mfalme Oedipus ina mistari ipatayo 1,500 na huchezeka bila kuzidi saa mbili. Isikatwe katikati. Ukumbi ukidai mapumziko kwa ajili ya kuuza vinywaji, suala hilo limalizwe kabla tiketi hazijachapishwa.