Mume ana orodha ya magofu 14, mimi nataka tupumzike

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Mume wangu alistaafu ualimu mwaka jana, alikuwa akifundisha historia sekondari. Mwezi wa kumi tunatimiza miaka 32 ya ndoa, na watoto wetu wamechanga wakatununulia tiketi za ndege kwenda Italia kwa siku 12. Badala ya kufurahi, sipati usingizi.

Mwenzangu ameandika orodha ya magofu 14. Anataka tukodi gari Roma, tushuke nalo mpaka Sisilia, halafu turudi nalo Roma. Yeye ataendesha, mimi nitashika ramani. Namjua. Tulipokwenda Kilwa kwa gari hakutaka kuuliza njia. Nikimwonyesha kona ananikaripia, tukipotea kosa ni langu. Tulifika Kilwa Masoko hatusemezani, na kule magofuni akanisomesha saa nne juani kama vile mimi ni wa kidato cha kwanza.

Shangazi, goti langu la kulia linauma. Na kusema kweli sioni raha ya kuvuka bahari kwenda kutazama mawe yaliyobomoka. Nilitaka tukae mahali pamoja, tule, tuongee, maana miaka yote alikuwa wa wanafunzi na madaftari. Nikimwambia, anasema sina moyo wa kujifunza. Nimewaza siku ikikaribia niseme naumwa, aende na mdogo wake. Je, nitakuwa nimekosa?

Mama Watatu, Morogoro

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa miaka 32.

Usiseme unaumwa. Natanguliza hilo kwa sababu naona wazo limeshakukomaa. Tiketi ya ndege ina jina lako, shemeji yako hawezi kuitumia. Watoto waliojinyima watahangaika na hospitali. Mumeo ataondoka akiamini kwamba kweli huna moyo na anachokipenda. Na atakuwa hajasikia neno zito kuliko yote katika barua yako, ambalo umeliweka karibu na mwisho, baada ya goti: kwamba miaka yote alikuwa wa wanafunzi na madaftari. Umemngoja mumeo astaafu. Amestaafu, na mara hii ameshaketi kuandika ratiba.

Nimemfikiria na yeye pia. Mwalimu wa historia wa kwetu huanza na biashara ya pwani. Hufundisha habari za Periplus, kitabu kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinachotaja Azania na bandari ya Rhapta, na jinsi pembe za ndovu na magamba ya kobe yalivyotoka pwani yetu kwenda kwenye masoko ya dola ya Roma. Mtu amesimama mbele ya ubao miaka yote hiyo akieleza mzigo ulikotoka, na upande ulikokwenda anaujua kwa ramani ya ukutani tu. Leo mlango umefunguka, naye anahofu hautafunguka tena. Ndiyo maana orodha imefika 14. Hofu hiyo iheshimu, lakini usikubali iwapangie safari.

Maana hesabu haikubali. Siku 12, toa mbili za ndege, zinabaki kumi. Kutoka Roma hadi Villa San Giovanni, mahali pa kupandia kivuko cha kwenda Messina, ni kama kilomita 700. Ukivuka, magofu ya Agrigento yako upande wa pili wa kisiwa. Kisha njia ile ile kurudi. Hapo mtaona lami zaidi kuliko mtakavyoona Warumi, na wewe utakuwa utingo kwenye gari la fungate yako ya pili.

Iombeni Sisilia iwasubiri. Naliandika hili moyo ukiniuma, kwa sababu karibu na mji wa Piazza Armerina kuna jumba la kifahari la karne ya 4, Villa Romana del Casale, lenye sakafu za picha za vijiwe vya rangi zinazofikia mita za mraba 3,500. Ukumbi wake mmoja, wenye urefu wa zaidi ya mita 60, unaonyesha wanyama wa Afrika wakikamatwa na kupakiwa melini: wanaume wamekumbatia mbuni mikononi wakipanda naye ubao wa meli, na kwingine tembo anavutwa aingie. Mwalimu wa Kiafrika anastahili kusimama pale bila kutazama saa. Kupapita kwa dakika 40, mmechoka na mmenuniana, ni kupapoteza. Itengewe safari yake.

Sasa nikwambie ningepanga vipi. Roma siku nne, bila gari kabisa. Katikati ya miji mingi ya Italia kuna maeneo ambayo magari ya wageni hayaruhusiwi kuingia saa fulani, yanaitwa ZTL. Alama yake ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu. Hakuna askari wa kukusimamisha. Kamera inasoma namba ya gari, na miezi kadhaa baadaye, mmesharudi Morogoro, kampuni iliyowakodisha inakata ada yake kwa kutoa jina lenu, kisha faini yenyewe inafuata. Ndoa nyingine zimegombana upya kwa karatasi hiyo. Roma tembeeni kwa miguu, kwa basi na kwa treni ya chini ya ardhi.

Colosseum mtakwenda, huwezi kumnyima. Lilifunguliwa mwaka 80 na lilibeba watazamaji zaidi ya 50,000. Jirani yake, kwenye Forum, mwalimu akuonyeshe tao la Septimius Severus la mwaka 203, kaizari aliyezaliwa Leptis Magna, Libya ya leo. Hayo ni yake.

Lakini siku ya pili iwe yako, na ninakuomba umpeleke makumbusho ya Villa Giulia. Humo kuna jeneza la udongo wa kuchoma la Waetruski, watu waliostawi Italia kabla ya Roma kuwa na nguvu. Limetoka Cerveteri, lina umri wa zaidi ya miaka 2,500, na liliunganishwa kutoka vipande vipatavyo 400. Juu ya kifuniko wamelala mume na mke kwenye kochi moja, wameegemea viwiko, kama watu walio karamuni. Mume yuko nyuma, mkono wake umepita begani kwa mkewe. Mke amevaa kofia ndogo na viatu vilivyochongoka, suka zake ndefu zimeshuka kifuani. Wote wanatabasamu, na mikono yao imeinuliwa katikati ya maongezi, ingawa walichokishika kimepotea. Wagiriki waliwasema vibaya Waetruski kwa kuketi na wake zao karamuni. Waetruski hawakujali, wakataka wakumbukwe hivyo hivyo. Wewe uliyesema unataka kukaa, kula na kuongea na mumeo, nenda katazame watu waliotaka hayo hayo, tena wakayataka hata kaburini. Halafu uniambie kama hayo ni mawe yaliyobomoka.

Toka Roma kwa treni ya kasi mpaka Salerno, kama saa mbili. Ni mji wa bahari, una barabara ndefu ya kutembea ufukweni, na haujasongwa na watalii kama majirani zake. Kaeni hapo siku nne, chumba kimoja, kitanda kimoja, kahawa ya asubuhi mahali pale pale mpaka mwenye mgahawa awazoee. Pompeii iko kama nusu saa kwa treni, na Napoli haiko mbali.

Pompeii ndiyo nataka uichukue wewe. Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 uliufunika mji mzima ukiwa kazini. Kwenye barabara zake utaona mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni katika mawe magumu, na mawe makubwa yaliyopangwa kuvuka barabara ili watu wasikanyage maji machafu, yakiachiwa nafasi za magurudumu kupita. Mama ntilie wa mji ule walikuwa wengi. Meza zao za mawe bado zimetazama barabara, zimetobolewa mashimo ya kuwekea mitungi ya chakula. Ingia kwenye duka la mikate: majiwe ya kusagia yako uani, marefu kufika kifuani, yalikuwa yakizungushwa na punda, na tanuri liko pembeni. Kwenye tanuri moja ilikutwa mikate 81 imegeuka mkaa, duara, imegawanywa kama vipande vinane tayari kumegwa. Wewe uliyepikia familia miaka 32 utaona mambo pale ambayo mwalimu wako hatayaona: moto uliwashwa wapi, moshi ulitokea wapi, mpishi alisimama upande gani. Mwambie. Mfundishe na yeye.

Kwa goti lako, ingieni kwa mlango wa Piazza Anfiteatro, ambako huanza njia isiyo na ngazi iliyotengenezwa kwa watu wenye shida ya kutembea, zaidi ya kilomita tatu. Kazeni viatu, chukueni kofia na chupa ya maji. Tiketi zinauzwa kwa jina na idadi ya watu kwa siku ina kikomo cha 20,000, hivyo nunueni mapema. Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio ni bure na umati ni mkubwa, siku hiyo kaeni ufukweni.

Na goti likikataa, achaneni na Pompeii mwende Herculaneum, mji ambao pia uliangamia siku hizo hizo. Ni mdogo, saa mbili au tatu zinautosha, na kwa vile ulizikwa kwa kina cha kama mita 20, mbao zake zilisalia: milango, vitanda, hata kitanda cha kubembelezea mtoto mchanga.

Napoli ingieni siku moja tu, kwa ajili ya makumbusho ya akiolojia. Kuna picha ya ukutani iliyotoka Pompeii, katika nyumba iliyoungana na duka la mikate, ya mume na mke wamesimama bega kwa bega wakikutazama usoni. Mume ameshika gombo. Mke ameshika kalamu na kibao cha kuandikia, na ndiye aliye mbele kidogo.

Gari likodini Salerno, kwa siku mbili zinazobaki, kwa ajili ya pwani ya Cilento. Paestum ni mwendo wa kama kilomita 40, na pale yamesimama mahekalu matatu ya Wagiriki, la zamani zaidi likiwa la miaka ya 550 kabla ya Kristo, kwenye uwanda wa majani. Njiani kuna wafugaji wa nyati wanaouza jibini la mozzarella la siku hiyo hiyo. Simameni hapo. Mbele zaidi ni Velia, mji wa mwanafalsafa Parmenides, ambako wageni ni wachache na ambako mwalimu anaweza kuongea kwa sauti bila kumkera mtu. Laleni mji wowote wa pwani utakaowapendeza.

Hilo la kukaripiwa garini nalichukulia kwa uzito kuliko magofu yote. Waitaliano wanaendesha kulia na usukani uko kushoto, hivyo atakuwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi humalizia hasira kwa aliye karibu. Aombe gari lisilo la gia za mkono mapema, maana la gia ndilo la kawaida kule. Akate kibali cha kimataifa cha udereva hapa nyumbani kabla ya kuondoka. Simu itundikwe mbele, yenyewe iseme njia. Kuegesha, mistari ya buluu ni ya kulipia, myeupe ni bure, ya njano si yenu. Na akikukaripia hata mara moja, mwambie kwa utulivu aegeshe pembeni, shuka, kaa kivulini mpaka aje akuombe radhi. Usipande kabla. Hilo mkubaliane mkiwa Morogoro, asije akasema hakuambiwa.

Umwambie lini? Usimwambie akiwa amefungua ramani. Mngoje jioni ameshakula, mkae nje, uanze na lile uliloniandikia mimi: "Baba, miaka 32 nimekugawana na wanafunzi. Siku hizi 12 nakutaka mwenyewe." Nyamaza. Mpe muda. Ndipo umwombe mambo mawili: achague magofu sita katika yale 14, na kwa kila gofu awe na saa moja ya ualimu, halafu iwe zamu yako kuchagua kitu kimoja na kumweleza unachokiona. Usimwambie mawe hayana maana. Kwa mwalimu hilo ni tusi, na sasa unajua si kweli.

Fanya hivyo wiki hii. Maombi ya viza ya Schengen yanataka ratiba na mahali mtakapolala, na ratiba ikishapelekwa ubalozini itakuwa vigumu kuibomoa. Akikataa katakata kuiacha Sisilia, niandikie tena kabla hamjalipia gari, kwa sababu kuna namna ya kuanzia safari Sisilia na kuiacha Roma, na huenda hilo likamfaa.

Shangazi