Insha ya Mjadala: Pesa au Chakula kwa Mfugaji Wakati wa Ukame?

Swali: "Wakati wa ukame, ni heri serikali impe mfugaji pesa kuliko chakula." Jadili. (Alama 20)

Mtahiniwa, swali hili huonekana rahisi, nalo huwaponza wengi. Anayelikurupukia hujaza kurasa mbili kwa sentensi kama "pesa ni nzuri kwa sababu zinasaidia watu." Kauli isiyo na ushahidi haikupi alama za maudhui. Kabla ya kuandika, jiulize: pesa hizo hulipwa nani, lini, na kwa ajili ya nini?

Ielewe mada

Chukua mfano wa Kaunti ya Wajir. Mnamo 2015, serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa bima ya mifugo Wajir na Turkana, kisha ukaenea katika kaunti nyingine kame. Serikali ililipa ada ya bima kwa niaba ya familia za wafugaji zilizoteuliwa. Kila familia ilikingiwa vipimo vitano vya mifugo. Ng'ombe mmoja ni kipimo kimoja; mbuzi au kondoo kumi pia ni kipimo kimoja. Kwa hivyo, vipimo vitano ni sawa na ng'ombe 5 au mbuzi 50.

Hakuna aliyehitaji kuhesabu mizoga. Setilaiti ilipima ukijani wa malisho. Ukijani uliposhuka chini ya kiwango kilichowekwa, wafugaji wa eneo hilo walistahili kulipwa. Lengo lilikuwa mfugaji anunue nyasi, maji na dawa mifugo wakiwa bado hai. Tahadhari basi: ukiandika kwamba mpango huu "ulifidia ng'ombe waliokufa", umepotosha hoja.

Hoja za kuunga mkono

1. Pesa zikifika mapema, huokoa mifugo ambao ndio mtaji wa familia.
2. Mfugaji huchagua mwenyewe linalomkera zaidi: lishe, maji, dawa au karo.
3. Pesa hutumika katika maduka na masoko ya karibu, hivyo wafanyabiashara wa eneo hilo hunufaika.

Hoja za kupinga

1. Nyasi na unga vikiadimika sokoni, bei hupanda na pesa hazinunui kitu.
2. Setilaiti huona ukijani, haioni zizi. Vichaka visivyoliwa na mifugo vinaweza kubaki kijani, na mfugaji asiye na nyasi akakosa malipo.
3. Mtoto mwenye utapiamlo huhitaji lishe leo, si kesho.

Mfano wa aya

*Isitoshe, pesa huokoa kesho ya familia. Gunia la mahindi hushibisha watu kwa muda, lakini halimnusuru mbuzi anayedhoofika zizini. Mbuzi wakiisha, maziwa huisha, karo hukosekana na mtoto hurudi nyumbani. Mfugaji aliyelipwa mapema hununua nyasi, mifugo wake wakavuka kiangazi, na mvua inyeshapo huwa na pa kuanzia. Hakika, usipoziba ufa utajenga ukuta.*

Tazama jinsi aya hii ilivyojengwa: hoja, maelezo, mfano, kisha matokeo. Methali imekuja mwisho kwa sababu ina kazi. Haikubandikwa kama pambo.

Hitimisho

Baada ya kupima pande zote mbili, toa msimamo wako waziwazi. Unaweza kusema kwamba pesa ni bora zinapofika kabla mifugo hawajafa na soko lina bidhaa. Ila pale soko lilipokauka, chakula hakina mbadala. Msimamo wenye masharti si woga, mradi umeutetea. Usiibue hoja mpya hapa.

Zoezi

Chagua hoja moja ya kupinga. Iandikie aya ya sentensi tano ukifuata mpangilio ulioonyeshwa. Kisha andika insha nzima isiyopungua maneno 400.