Somo la Mazingira: Ndege wa Isiolo, Msimu kwa Msimu

Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Katika Kaunti ya Isiolo wapo wanaoishi hapa mwaka mzima, na wapo wageni wanaokuja na kuondoka kufuatana na misimu. Somo hili linaeleza ni ndege gani huonekana lini, na kwa nini mfugaji ana sababu ya kuwajali.

Wenyeji wa mwaka mzima

Katika hifadhi za Buffalo Springs na Shaba huonekana mbuni wa Kisomali. Dume lake lina shingo na mapaja ya rangi ya kijivu-buluu, tofauti na mbuni wa kusini mwa Kenya mwenye shingo ya waridi. Yupo pia kanga mwenye kifua cha buluu na kichwa kitupu kama cha tumbusi. Kwenye nyanda za mawe meusi ya volkeno za Shaba anaishi ndege mdogo wa kahawia anayejulikana kwa jina la Williams, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya.

Mvua fupi: Oktoba hadi Desemba

Baridi inapoanza Ulaya na Asia, wageni huwasili: mbayuwayu, kerem, korongo weupe na tai wa nyika za Asia. Kozi wa Amur, ndege mdogo anayetoka Siberia na kaskazini mwa China, hupita Kenya mnamo Novemba na Desemba akielekea kusini mwa Afrika. Mvua inaponyesha na kumbikumbi kuruka, wengi wa ndege hawa hukusanyika kuwala.

Kiangazi: Januari na Februari

Maji yanapopungua, ndege husongea Mto Ewaso Ng'iro na chemchemi. Huu ni wakati rahisi wa kuwaona, hasa asubuhi mapema. Watu pia wasichafue wala kuziba sehemu hizo za maji.

Mvua ndefu: Machi hadi Mei

Wageni wa kaskazini hurudi makwao. Wenyeji nao hujenga viota, kwa kuwa wadudu na mbegu za nyasi ni tele. Mnana dume huvaa rangi ya njano na kufuma kiota kwenye miti ya miiba. Kweleakwelea nao huongezeka mbegu zinapokomaa. Mmoja hula takriban gramu 10 kwa siku, hivyo kundi la ndege milioni moja laweza kumaliza tani 10 za nafaka kwa siku. Mkulima akiona kundi kubwa, aarifu ofisi ya kilimo mapema.

Ukavu mrefu: Juni hadi Septemba

Upepo huvuma na malisho hupungua. Mifugo inapoanza kudhoofika na kufa, tumbusi huonekana kwa wingi zaidi angani.

Tumbusi ni mlinzi wa mifugo

Tumbusi hali mbuzi mzima mwenye afya. Kazi yake ni kumaliza mzoga. Tumbo lake lina asidi kali inayoua vijidudu vingi vya maradhi. Utafiti uliofanyika kaunti jirani ya Laikipia na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mizoga isiyofikiwa na tumbusi ilikaa karibu mara tatu ya muda wa kawaida kabla ya kwisha, na wanyama wengi zaidi walikutana hapo. Wanyama wanaokutana kwenye mzoga huweza kuambukizana maradhi na kuyapeleka bomani.

Hata hivyo, mwaka 2015 aina mbili zinazoonekana hapa, tumbusi wa Rüppell na tumbusi mgongo-mweupe, ziliwekwa katika kundi la viumbe walio hatarini zaidi kutoweka. Sababu kubwa ni sumu. Fisi au simba akiua ng'ombe, mwenye mali kwa uchungu hutia dawa ya kuua wadudu kwenye mzoga. Fisi anaweza asirudi, lakini tumbusi kadhaa hushuka pamoja na kufa siku moja. Kwa kuwa jike hutaga yai moja tu kwa msimu, pengo hilo huchukua miaka kuzibika. Mbwa wa boma pia hufa.

Badala ya sumu, wafugaji wanahimizwa:

- kuimarisha boma kwa miiba na kulinda mifugo usiku;
- kuripoti shambulio mara moja kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), bila kuuvuruga ushahidi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inatoa nafasi ya kudai fidia;
- kutogusa ndege waliokufa kwa wingi, kuwazuia watoto na mbwa, na kutoa taarifa kwa KWS au afisa wa mifugo.

Kazi ya wanafunzi na vikundi

Chagueni sehemu moja, kama bwawa, shule au ukingo wa mto. Iangalieni kwa nusu saa kila mwezi, saa ile ile. Andikeni tarehe, aina, idadi, na kama mvua imenyesha. Baada ya mwaka mmoja, jibuni:

1. Mgeni wa kwanza alionekana mwezi gani?
2. Ni ndege gani walijenga viota baada ya mvua?
3. Waulizeni wazee: ni ndege gani waliokuwa wengi zamani na sasa ni wachache?