Kwa nini malaria haiishi kwetu?

Ndugu wanafunzi, mu biolojia tulisoma kwamba mwaka 1897, kule Uhindi, Ronald Ross alikuta vijidudu vya malaria mu tumbo la mbu. Adui anajulikana tangu zamani hivi, mbona kila juma mutoto analala na homa?

Mu 1955 shirika la afya la dunia, OMS, lilianza mpango wa kumaliza malaria: kupuliza DDT ku kuta za nyumba, na kunywesha wagonjwa klorokini. Ulaya ilipona. Mu 1969 OMS ilikubali kama njia ile haiwezi kufaulu pahali pote. Sehemu kubwa ya Afrika haikuingizwa hata kidogo. Halafu vijidudu vilizoea klorokini, na Kongo iliiacha mu 2001.

Sasa tunategemea sana mustikeri yenye dawa. Hesabu yake: moja kwa watu wawili, inapashwa kudumu miaka 3 na kufuliwa mara 20. Ku karatasi ni vizuri. Lakini angalia nyumba zetu: chumba kimoja, kitanda cha wazazi, watoto watano ku mukeka. Kamba utafunga wapi? Na mama akiisha kufua anaanika ku jua kali, nalo jua linaharibu dawa. Inaanikwa ku kivuli, lakini nani alimwambia?

Ku ziwa Tanganyika watafiti wamekuta watu wanavua kwa mustikeri. Wakubwa wanasema ni ujinga. Mimi sikubali. Ni kweli matundu madogo yanakamata ndagala wachanga na kuharibu ziwa, lakini njaa iko ya leo, homa pengine ya mwezi kesho. Na mutu wa programu akihesabu mustikeri zilizogawiwa, kitabu chake kinajaa. Hakina safu ya zile zinazolala mu maji.

Mbu nao wamezoea dawa, ndiyo sababu mustikeri zingine zinatiwa pia PBO, yenye kusaidia dawa ifanye kazi. Chanjo pia ilianza mu Kongo Central mwaka 2024. Inaomba sindano 4, na ya mwisho inafika wakati mutoto ameisha kutembea na mama ameisha kurudia shamba. Kituo kikiwa mbali, atatembea mara ngapi?

Kwa wenzetu wa enterna: mwenye mustikeri ya kupasuka aje kwangu siku ya posho kisha chakula. Sindano na uzi viko.