Kuliendesha kwa Majaribio Gari la Kifahari la Petroli na Umeme

Anayekwenda kulijaribu gari la kifahari la mwendo kasi, linalotumia petroli pamoja na umeme wa kuchaji, kwa hakika anajaribu magari mawili ndani ya bodi moja. La kwanza ni la betri iliyojaa: kimya, jepesi kuondoka, lisilogusa mafuta. La pili ni la betri iliyokwisha, ambapo injini hufanya karibu kazi yote huku ikibeba uzito wa betri na mota. Muuzaji anayeijua biashara yake hukuonyesha la kwanza. Mlaji anashauriwa kuomba yote mawili.

Tuchukue mfano wa Porsche Panamera 4 E-Hybrid ya toleo lililozinduliwa mwaka 2016. Injini yake ya lita 2.9 na mota ya umeme hutoa kwa pamoja nguvu za farasi 462, na betri yake ina uwezo wa kilowati-saa 14.1. Kwa vipimo vya Ulaya vya wakati huo, ilitangazwa kwamba linatumia lita 2.5 kwa kila kilomita 100 na kwamba linakwenda hadi kilomita 50 kwa umeme pekee.

Tarakimu hizo si za uongo, ila zinahitaji maelezo. Gari lilipimwa maabara betri ikiwa imejaa, kisha ikiwa tupu, halafu ukakokotolewa wastani kwa kuchukulia kwamba betri ikiisha dereva ataendesha kilomita 25 tu kabla ya kuchaji tena. Kwa gari la masafa ya kilomita 50, hiyo ni sawa na kusema kwamba theluthi mbili za safari zote hazitumii mafuta. Hivyo lita 7.5 zinazochomwa betri ikiwa tupu huandikwa 2.5. Isitoshe, kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, jambo ambalo mkazi wa Dar es Salaam atalipima mwenyewe. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilichapisha takwimu zilizokusanywa kutoka kwenye magari yaliyosajiliwa mwaka 2021 yakiwa barabarani. Ilibainika kwamba magari ya aina hii yalitoa hewa ya ukaa kwa wastani takriban mara 3.5 ya kiwango kilichotangazwa, na hewa hiyo huongezeka sambamba na mafuta yanayochomwa.

Kwa hiyo, piga simu kabla ya kwenda. Omba gari lichajiwe hadi lijae na injini isiwashwe kabla hujafika. Ukifika, andika kilomita za umeme zinazoonyeshwa kwenye dashibodi, washa kiyoyozi, chagua hali ya umeme pekee, kisha pita barabara unayoipita kila siku, pamoja na foleni na matuta yake. Kadirio la dashibodi hutegemea pia uendeshaji wa aliyekutangulia, basi usilihukumu gari kwa tarakimu hiyo peke yake. Linganisha kilomita ulizokwenda na chaji iliyopungua.

Betri ikikaribia kwisha ndipo kazi yenyewe inapoanza. Panda mlima. Sikiliza injini inapowaka: mpito uwe laini, bila mshtuko wala mlio wa chuma. Kanyaga breki polepole, kwa sababu mota ndiyo huanza kupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri kabla ya breki za kawaida kushika. Pedali isiwe na mruko kati ya hatua hizo mbili. Hali ya Sport iache mwisho. Ni burudani, haikatai mtu, lakini mikataba mingi ya haraka hutiwa saini dakika chache baada yake.

Suala la kuchaji lichunguzwe papo hapo. Soketi ya nyumbani inayotoa ampea 10 kwa volti 230 itaijaza betri ya mfano wetu kwa muda wa saa 6 hivi. Anayeishi ghorofani na kuegesha barabarani anunue akijua kwamba atakuwa akiendesha lile gari la pili karibu kila siku. Hakiki kwamba kebo ipo na inafanya kazi, kwani tundu la gari lililotoka Japani huweza kuwa tofauti na la gari lililotoka Ulaya. Kwa gari lililotumika, dai ripoti ya kompyuta kuhusu afya ya betri, na usimruhusu fundi asiye na mafunzo kugusa nyaya za rangi ya chungwa. Zina umeme wa kuua.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Hata hivyo, neno la mdomo ni gumu kulithibitisha, hivyo masafa, hali ya betri na dhamana uliyoahidiwa viandikwe na kutiwa saini. Kabla ya kushika usukani, uliza bima inamhusu nani gari likikwaruzwa wakati wa majaribio. Ukiombwa kuacha fedha ili gari lisiuzwe kwa mwingine, risiti ieleze kwamba zitarejeshwa endapo jaribio la betri tupu halitakuridhisha.