Mgongo Unaouma: Operesheni au Mazoezi?

Wengi wanaotujia kuuliza habari za mgongo huja na bahasha ya picha mkononi. Wameambiwa pingili zimesagika, au diski imetoka. Mmoja anaogopa kwamba akipasuliwa atapooza. Mwingine anaogopa kwamba asipopasuliwa ataishia kwenye kiti cha magurudumu. Tumeandika kwa ajili ya wote wawili.

Picha peke yake haiamui. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya vipimo vya MRI vya watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, na zaidi ya nusu walikutwa na diski iliyotuna mahali fulani. Watu hao walikuwa wanaendelea na shughuli zao. Picha ina maana pale tu inapolingana na kile mwili unachosema.

Mwili unaulizwa hivi. Unalala chali, daktari anashika kisigino chako na kuuinua mguu polepole, goti likiwa limenyooka. Maumivu yakichoma kutoka takoni hadi chini ya goti, yaelekea mzizi wa neva umebanwa. Kisha anakuambia utembee kwa visigino, halafu kwa vidole, aone kama mguu umepoteza nguvu. Daktari akikupangia siku ya operesheni kwa kutazama picha tu, bila kukugusa, una haki ya kwenda kusikia maoni ya daktari mwingine.

Diski ina ganda gumu nje na kiini laini ndani. Ganda likichanika, kiini hupenya na kuigusa neva, mguu ukawaka moto. Kile ambacho wagonjwa wengi hawaambiwi ni kwamba mara nyingi kipande hicho husinyaa chenyewe, kwa kuwa kinga ya mwili hukila kidogo kidogo. Ndiyo maana, ikiwa mguu haujaishiwa nguvu, wiki 6 za mwanzo ni za dawa za maumivu, kutembea kadiri unavyoweza, na mazoezi ya mtaalamu wa fiziotherapia. Kulala kitandani siku nyingi hulegeza misuli na kuchelewesha nafuu.

Wiki hizo zikipita na mguu bado unakunyima usingizi, je? Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia wagonjwa 283 wa namna hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Nusu walipangiwa operesheni mapema, nusu waliendelea na tiba ya kawaida, na katika hao wa pili 39 kwa mia waliishia kupasuliwa pia. Waliowahi operesheni walipata nafuu ya mguu haraka zaidi. Lakini baada ya mwaka mmoja, watu 95 katika kila 100 wa kila kundi walijiona wamepona. Kwa hiyo operesheni hapa inakununulia muda. Fundi mwenye watoto wa kulisha anaweza kuuhitaji sana muda huo. Mwingine anaweza kungoja. Uamuzi ni wako, si wa jirani wala wa picha.

Kwa wazee mambo ni tofauti. Babu anatembea mita mia, miguu inakufa ganzi, anatafuta pa kukaa. Baiskeli anaiendesha hadi sokoni bila taabu, kwani anapoinama mfereji wa uti wa mgongo hupanuka kidogo. Mfereji ukiwa mwembamba kiasi cha kumfungia mtu nyumbani, na mazoezi hayajasaidia, operesheni ya kuupanua huwasaidia wengi kurudi kutembea. Sukari na presha zidhibitiwe kwanza.

Anayeumwa kiuno tu, bila maumivu ya mguu, asikimbilie kuunganishwa pingili kwa vyuma. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2005, uliohusisha wagonjwa 349, haukupata ushahidi wa wazi kwamba operesheni hiyo inashinda programu nzito ya mazoezi.

Na kupooza? Uti wenyewe, yaani shina la neva lililo ndani ya mfereji, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo zipo nyuzi za neva, na huko ndiko diski nyingi hutoka. Hatari zipo: maambukizi, kuvuja damu, neva kuumia, diski kutoka tena. Lakini kupooza miguu yote ni nadra.

Maumivu yanayoandamana na homa, jasho la usiku na kukonda yachunguzwe TB ya mgongo, ambayo wengi hupona kwa dawa. Usikandwe kabla ya kupimwa.

Mkojo ukikwama au kukutoka bila kujua, au sehemu za siri na makalio yakifa ganzi, au miguu yote ikilegea, hapo hakuna mazoezi wala kungoja miadi. Neva zinakufa kwa saa. Nenda hospitali kubwa usiku huohuo.