Uharibifu wa Maji Huanzia Nchi Kavu

Watu wengi wa bara hudhani kwamba habari za kuharibika kwa bahari na kuangamia kwa viumbe wa majini ni shauri la watu wa pwani peke yao. Mtu wa Ngara akiulizwa, hujibu kwamba kwao hakuna bahari. Yafaa basi tuyafuate maji yenyewe tuone yaendako.

Mto Ruvubu huingia Ngara kutoka Burundi, nao hukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kutoka hapo Kagera huelekea kaskazini, ukiwa mpaka baina ya nchi yetu na Rwanda, kisha hugeuka mashariki na kumwagika katika Ziwa Victoria upande wa Uganda. Hakuna mto mwingine uingiao ziwani humo unaoushinda kwa ukubwa. Maji ya ziwa hutoka Jinja yakawa Naili, na Naili huishia Bahari ya Mediterania. Ama Biharamulo, wilaya hiyo ilifika ziwani hasa, mpaka mwaka 2005 sehemu ya ufukweni, pamoja na Nyamirembe, ilipofanywa kuwa Wilaya ya Chato.

Mwaka 1994 uhusiano huo ulionekana kwa namna ya kutisha. Miili ya watu waliouawa Rwanda ilipita Rusumo ikielea, ikafika ziwani. Maelfu yao walizikwa Uganda, na wakazi wengi wa mwambao wakakataa kula samaki. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo wakimbizi zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo katika muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Watu hao walihitaji kuni kila siku, na vilima vikabaki vitupu. Hatuwalaumu, mwenye njaa hana budi kupika. Lakini udongo usio na miti hauna wa kuuzuia mvua inyeshapo.

Na udongo huo una kazi gani kwa samaki? Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina za furu, samaki wadogo wasiopatikana kwingineko duniani. Wengi walitoweka baada ya sangara, aliyeletwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960, kuongezeka mno katika miaka ya 1980. Habari hiyo inajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba furu jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi, mwekundu au wa buluu. Udongo na mbolea zinapotiririka ziwani, maji hujaa ukungu wa kijani, nuru hupungua, na jike hawezi tena kutofautisha rangi. Ndipo aina mbili huchanganyika mpaka zinakuwa moja. Hivyo viumbe hupotea bila nyavu wala ndoano, kwa sababu tu mtu fulani mbali na ufuko amelima mteremko bila matuta.

Magugu maji nayo yalionekana ziwani kwenye mwaka 1989, na Kagera ukawa njia ya kuyaleta mengine zaidi kutoka juu. Chini ya zulia hilo maji hukosa hewa na samaki hufa. Wadudu maalumu walioachiliwa katika miaka ya 1990 waliyala na kuyapunguza sana.

Hatari iliyo karibu zaidi na Biharamulo ni zebaki. Mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga uliosagwa ili ishike dhahabu, kisha huichoma. Mvuke huipanda hewa na kurudi chini na mvua. Iliyobaki huachwa katika marudio na kusombwa na maji. Katika tope, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali kuliko ilivyokuwa. Samaki mdogo huipata kidogo, samaki mkubwa huyala madogo mengi, na mla samaki huzipokea zote. Huko Minamata, Japani, kiwanda kimoja kilimwaga taka za zebaki baharini kwa miaka mingi. Ugonjwa ulipotambuliwa rasmi mwaka 1956, paka walikuwa wamekwisha rukwa na akili, na wanawake walioonekana wazima walizaa watoto wenye ulemavu mkubwa. Kiwanda hakikuacha kumwaga mpaka mwaka 1968.

Kuna chombo cha chuma chenye kifuniko na mrija, kinachonasa mvuke na kuirudisha zebaki ili itumike tena. Mchimbaji akitumiaye huokoa mapafu yake na fedha zake pia, kwani zebaki hununuliwa.